Ukungu na matone ya maji ndani ya kabini ya kijiko: chanzo hasa ni nini?

#1 OperetaWaMtaro

Wanajukwaa, salaam. Ninaendesha kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, cha tani 22 chenye kabini iliyofungwa, na kwa majuma matatu sasa nasumbuliwa na jambo ambalo mafundi watatu wamelieleza kwa namna tatu tofauti. Asubuhi ninapofungua mlango nakuta vioo vyote vimefunikwa ukungu kwa ndani na dari inadondosha matone juu ya kiti. Kazi ikishaanza, mvua inaponyesha, kioo cha kulia, kile kilicho upande wa bumu, yaani mkono wa kuchimbia, hupotea kabisa ndani ya dakika chache.

Juzi nilizungusha mashine kuelekea kulia nikiamini kwamba upande ule hauna mtu, kumbe msaidizi anayepima kina cha mtaro alikuwa amesogea karibu na minyororo. Nilimwona kwa sababu tu dakika moja kabla nilikuwa nimefuta duara dogo kwa kiganja. Hakuumia, lakini tangu siku ile siwezi kuichukulia hali hii kuwa kero ya kawaida.

Fundi wa kwanza alisema gesi ya kiyoyozi imepungua, wa pili akasema raba za mlango zimechoka, na wa tatu akasema ni hali ya hewa tu, nizoee. Mimi naelekea kuamini neno la wa kwanza, kwa kuwa kiyoyozi hakipoi kama zamani. Aliyewahi kulimaliza tatizo hili alianzia wapi?

#2 FundiUbaridi

Mkuu, usikimbilie kuongeza gesi. Ninatengeneza viyoyozi vya mitambo, na mara nyingi nikiitiwa ukungu ninachokikuta ni maji yaliyokosa njia ya kutoka.

Kiyoyozi kinapofanya kazi, evaporeta, yaani ile rejeta ndogo ya ubaridi iliyo nyuma au chini ya kiti, huinyang'anya hewa mvuke wake na kuugeuza maji. Maji hayo huangukia kwenye sinia na kutoka nje kupitia mpira mwembamba unaoshuka chini ya sakafu. Kwenye mashine inayoshinda katika tope mpira huo huziba kwa udongo, majani, na hata kiota cha nyigu. Maji yakikosa njia humwagika kwenye sakafu, hunywewa na sponji iliyo chini ya kapeti ya raba, kisha siku nzima hurudi hewani kama mvuke. Unakuwa umekaa juu ya dimbwi ambalo hulioni.

Washa kiyoyozi kwa nusu saa siku yenye unyevu, kisha uchungulie chini ya mashine. Usipoona maji yakidondoka, inua kapeti na ubonyeze sponji kwa kidole. Tuletee jibu kabla hujalipia gesi.

#3 MwalimuWaFizikia

Naomba niongeze hesabu, kwa sababu katika mambo ya unyevu hesabu fupi humaliza ubishi mrefu.

Hewa haibebi mvuke bila kikomo, na kikomo hicho hupanda pamoja na joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 0 za Selsiasi hushiba kwa gramu 5 hivi za mvuke, yenye nyuzi 10 hushiba kwa gramu 9 na ushei, yenye nyuzi 20 kwa gramu 17, na yenye nyuzi 30 kwa gramu 30. Kabini ya kijiko ina ujazo wa mita 3 hivi. Tuseme hewa ya ndani ina nyuzi 20 na imebeba nusu tu ya mvuke inaoweza kuubeba, yaani gramu 26 kwa kabini nzima, na tuseme mvua imekipoza kioo hadi nyuzi 10. Hewa inayokigusa kioo hicho huanza kuacha umande pindi mvuke wa kabini unapofika gramu 28, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni gramu 2 tu. Mtu mzima aliyeketi ametulia hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi kiasi cha gramu 40 hadi 50 kwa saa, na anayefanya kazi hutoa zaidi. Gramu 2 hizo hujazwa ndani ya dakika mbili au tatu.

Mleta mada, pumzi yako peke yake inatosha kukifunika kioo hicho, hata kama mashine ni mpya na haina tone linalovuja. Kwa hiyo kabla ya gesi na kabla ya kapeti nauliza: kitufe cha hewa kimewekwa wapi? Kama kiko kwenye kuzungusha hewa ya ndani, unavuta hewa ile ile uliyoitoa. Fungulia hewa ya nje, washa hita na kiyoyozi kwa pamoja ili hewa ikaushwe kwanza kisha ipashwe moto, na uelekeze matundu kwenye vioo.

#4 BintiGreda

Mwalimu, hesabu ni safi lakini ubishi haujaisha. Ninaendesha greda mahali ambapo hata mvua ikinyesha joto haliteremki chini ya nyuzi 26. Nilipewa ushauri huo huo wa kufungulia hewa ya nje, nikaufuata, na vioo vikawa vibaya kuliko mwanzo. Vilitulia nilipofunga hewa ya nje na kuacha kiyoyozi kizungushe ya ndani. Halafu nilipofungua kifuniko cha chujio la hewa ya nje nililikuta limelowa chepechepe, kwa kuwa tundu la kuvutia hewa limewekwa mahali ambapo maji ya paa hutiririkia.

Basi tunaosoma tufuate lipi?

#5 MwalimuWaFizikia

Dada, umenisahihisha mahali panapostahili, maana niliandika kana kwamba mvua zote ni baridi.

Mvua ya nyuzi 10 huja na hewa yenye gramu 9 za mvuke kwa mita ya ujazo. Ukiipasha hewa hiyo hadi nyuzi 20, inakuwa imebeba kidogo zaidi ya nusu tu ya uwezo wake, na ndiyo maana hewa ya nje hukausha hata kama nje kunanyesha. Mvua ya nyuzi 26 huja na gramu 24, ilhali kabini uliyoipoza hadi nyuzi 22 hushiba kwa gramu 19. Hapo hewa ya nje ni mzigo, na kiyoyozi kinapaswa kuukausha wote. Kwako kuzungusha hewa ya ndani ni sahihi, mradi kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi ya kiyoyozi, isizimike, kwa sababu ikizimika maji yaliyoganda juu ya mapezi ya evaporeta huvukizwa na feni na kurudi viooni kwa mpigo mmoja.

Chujio lililolowa ni tatizo jingine, nalo halihusiani na fizikia yangu hata kidogo. Ni kosa la mahali tundu lilipowekwa.

#6 KijanaWaMachimbo

Nimefuatilia kwa makini, lakini ukungu wangu ni wa aina nyingine, kwa sababu nikiufuta kwa kitambaa haufutiki kabisa, na unatokea zaidi alfajiri nikiwa nimepoza kabini sana. Je, ni kioo kimeharibika?

#7 FundiUbaridi

Kijana, kitambaa chako hakina kosa, unafuta upande usio na ukungu. Kiyoyozi kimekipoza kioo hadi kuwa baridi kuliko kiwango ambacho hewa ya nje huanza kuacha umande, kwa hiyo umande unajikusanya nje. Pitisha waipa mara moja, punguza ubaridi, na ugeuze matundu yasipulize moja kwa moja kwenye kioo cha mbele. Kabla ya kutafuta chanzo, kila mtu apitishe kidole kwanza ili ajue maji yako upande gani.

#8 MzeeWaKarakana

Wanangu, nimesoma yote na nashangaa hakuna aliyeitaja rejeta ya hita. Rejeta hiyo hupitisha maji ya moto ya injini ndani ya kabini, na ikitoboka tundu dogo haimwagi maji bali hutoa mvuke wenye glaikoli, ile dawa inayochanganywa na maji ya kupozea injini. Ukungu wake unatambulika. Ukiufuta kwa kitambaa hubaki utando wenye mafuta unaotawanya mwanga wa taa usiku, kabini hunukia utamu usio wa kawaida, na maji ya rejeta kubwa hupungua kidogo kidogo bila mtu kuona yanakovuja.

Niliwahi kuhangaika na shavo lililobadilishiwa raba zote za mlango kwa gharama ya mwenye mashine, kumbe rejeta ya hita ilikuwa imeoza kwenye ungio. Nilijua nilipofunga vali mbili za maji ya hita nikaliacha lifanye kazi siku mbili, na ukungu ukakoma. Njia hiyo haigharimu kitu. Asije mtu akaonja yale maji ili kuthibitisha utamu, kwa maana glaikoli ni sumu.

Mleta mada atujibu: kuna utando au hakuna?

#9 OperetaWaMtaro

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimefanya yote mliyoagiza kwa siku mbili, na majibu ni haya.

Kitufe cha hewa kilikuwa kwenye kuzungusha ya ndani. Nilikiweka hapo wakati wa kiangazi kwa sababu ya vumbi na sikukigusa tena. Utando wa mafuta haupo, harufu haipo, na maji ya rejeta hayajashuka. Chini ya mashine hapakudondoka tone hata moja baada ya nusu saa. Nilipoinua kapeti, sponji ilitoa maji kama kitambaa cha kudekia, na mpira wa kutolea maji ulikuwa na kizibo cha udongo kirefu kama kidole.

Hata hivyo jambo moja linanitatiza: nilipouzibua mpira ule maji yalitoka kwa mkupuo kisha yakasita, na feni ikiwa kwenye kasi ya juu nasikia sauti ya kugugumia kutoka nyuma ya kiti.

#10 FundiUbaridi

Sauti hiyo inaeleza mengi. Kwenye baadhi ya mashine feni imewekwa mbele ya evaporeta kwa namna ambayo huvuta hewa kupitia humo badala ya kuisukuma. Hapo ndani ya sanduku kuna mvuto, na mvuto huo hunyonya hewa ya nje kupitia ule ule mpira wa kutolea maji, nayo huyazuia maji kushuka. Ndiyo maana watengenezaji huweka kwenye ncha ya mpira kimdomo cha raba bapa kinachofunguka kwa uzito wa maji na kujifunga hewa inapotaka kuingia. Kimdomo hicho kikipotea, au fundi akikikata ili "mpira usizibe tena", maji hubaki kwenye sinia yakigugumia hadi uzime feni.

Angalia kama unacho. Usipokipata, ukunje mpira uwe na kipinda kama cha bomba la sinki, ili maji yanayobaki kwenye kipinda yawe kizuizi cha hewa.

#11 ZamuYaUsiku

Mnajichosha bure. Sisi tunaofanya kazi za usiku kwenye baridi tunaweka jiko dogo la gesi kabini kwa robo saa kabla ya kuanza, vioo vinapata moto na kila kitu kinakauka.

#12 MwalimuWaFizikia

Ndugu yangu, nakuomba uache jambo hilo leo. Gesi ya propani inapoungua, kila kilo moja huzalisha kilo 1.6 hivi za maji, na kwa kuwa jiko lako halina bomba la kutoa moshi, maji yote hayo yanabaki kabini kama mvuke. Unaona vioo vimekauka kwa sababu vimepata moto, lakini vikipoa mvuke huo huo utavirudia. Kubwa kuliko ukungu, moto unaowaka katika chumba cha mita 3 za ujazo hula oksijeni na huweza kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua mtu akiwa usingizini. Ukihitaji joto bila injini, zipo hita za dizeli ambazo huvuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake. Hizo hupasha kabini bila kuongeza hata gramu moja ya maji.

#13 ZamuYaUsiku

Nimekuelewa, Mwalimu. Sikuwahi kufikiri kwamba moto unatengeneza maji. Jiko nimeliondoa.

#14 MtunzaStoo

Kwa upande wangu ninaweka ndani ya kabini vile vifuko vya kunyonya unyevu, na kwenye mashine zinazolala muda mrefu naweka ndoo ya chumvi ya kalisi. Vinanisaidia. Je, kuna ubaya?

#15 FundiUmemeMitambo

Chumvi ya kalisi ondoa leo hii, tafadhali. Inaponyonya unyevu huyeyuka na kuwa maji makali ya chumvi, na mashine ikitikiswa maji hayo yakafika kwenye nyaya, utakuja kunitafuta. Nimefungua plagi za kontrola, yaani kifaa cha umeme kinachoongoza mashine, zilizokuwa kijani kibichi kwa kutu ya shaba, na chanzo kilikuwa kopo la namna hiyo lililopinduka nyuma ya kiti.

Vifuko vya silika havina madhara, lakini vina kikomo. Silika hunyonya kiasi cha theluthi ya uzito wake, kwa hiyo kifuko cha gramu 300 hushiba kwa gramu 100 hivi za maji, ambazo kwa hesabu ya Mwalimu ni pumzi za mtu mmoja kwa saa mbili. Vinafaa kwa mashine iliyolala. Mashine inayofanya kazi itavishibisha kabla ya mapumziko ya mchana, na baada ya hapo ni lazima vikaushwe kwenye joto la nyuzi 120 hivi ndipo virudi kazini.

Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Sanduku la kontrola lililofungwa kabisa nalo hupumua. Mchana hewa iliyomo hupanuka na kutoka kupitia nafasi ndogo ndogo, usiku hupoa na kuvuta hewa yenye unyevu, na baada ya miezi kadhaa unakuta maji ndani ya sanduku ambalo halijawahi kumwagiwa hata tone. Kwa hiyo usizibe kwa silikoni tundu dogo la kupumulia ambalo mtengenezaji ameliwekea utando maalumu, kwa kuwa utando huo hupitisha hewa na kuzuia maji. Na nyaya zinazoshuka kutoka darini zipe mpindo kuelekea chini kabla hazijaingia kwenye plagi, ili tone linalofuata waya lidondokee sakafuni.

#16 MsimamiziWaMitambo

Nimesimamia mashine nyingi kidogo, na kwa maoni yangu mmeitupa mapema mno hoja ya fundi wa pili kuhusu raba. Kabini nzuri huwa na shinikizo la hewa linalozidi la nje, ili hewa itoke kwenye nyufa badala ya kuingia. Viwango vya ISO 10263 vinavyohusu mazingira ya kabini za mitambo ya kuchimbia hutaja angalau paskali 50, pamoja na hewa safi iliyochujwa isiyopungua mita za ujazo 43 kwa saa.

Paskali 50 huweza kupimwa bila kifaa cha bei. Chukua mpira unaopenya mwanga, ukunje uwe kama herufi U, tia maji, ncha moja ibaki ndani na nyingine itoke nje kupitia ukingo wa mlango bila kubanwa. Funga kila kitu, fungulia hewa ya nje, na uweke feni kwenye kasi ya juu. Tofauti ya kimo cha maji ikifika milimita 5, umefika paskali 50. Ikiwa maji hayatikisiki, ama raba zimekufa, ama chujio la nje limeziba, ama matundu ya nyaya sakafuni yamepoteza vizibo vyake.

Kuhusu dari, mimi nasema ni anga. Usiku usio na mawingu bati la paa hutoa joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Opereta anapofunga mlango jioni akiacha ndani hewa ya pumzi, koti lililolowa na buti zenye tope, mvuke huo hauna pa kwenda isipokuwa darini. Kwetu kila mashine huachwa milango wazi kwa dakika 10 mwisho wa zamu, feni ikiwa inazunguka, na makoti hayalali kabini.

#17 BintiGreda

Msimamizi, dakika zako 10 zinafaa huko kwenu kwenye anga safi. Kwangu jioni hewa ya nje ndiyo iliyoshiba, na nikiacha mlango wazi nakaribisha mgeni yule yule ninayemfukuza. Mimi huzima kompresa dakika tano kabla ya kuzima mashine, naiacha feni ikaushe evaporeta huku dirisha likiwa wazi kidogo, kisha nafunga. Tangu nianze hivyo hata harufu ya uvundo imepungua.

#18 MsimamiziWaMitambo

Nakubali kwamba sikufikiria mahali pa joto. Lakini hata kwako koti lililolowa lisilale kabini.

#19 BintiGreda

Hilo tumekubaliana, na limekuwa la kwanza leo.

#20 DerevaWaShavo

Kwa ukungu wa dharura mimi hupaka maji ya sabuni ya vyombo kwenye kioo kisha nakipangusa kwa kitambaa kikavu hadi king'ae. Mvuke bado unaganda, ila unatandaa kama utando mmoja unaopenya mwanga badala ya vijitone. Kinahitaji kurudiwa kila baada ya siku chache. Kioo chenye vumbi na moshi wa sigara hushika ukungu haraka zaidi, na kiganja chenye jasho huacha mafuta yanayouita urudi, kwa hiyo mleta mada atafute kitambaa safi.

#21 FundiUmemeMitambo

Sabuni ya vyombo sawa. Ila wenye mashine za misituni au za kubomolea wakague kwanza kama dirisha ni kioo au ni polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayopenya mwanga, kwa maana dawa za kusafishia vioo zenye amonia huifanya polikaboneti ipate nyufa ndogo na kuwa nyeupe, na hapo hakuna sabuni itakayorudisha mwanga.

#22 OperetaWaMtaro

Narejea baada ya wiki mbili na nusu. Nimetoa kapeti na sponji, nikavipima uzito vikiwa vimelowa, nikavianika siku tatu, nikavipima tena: vilikuwa kilo 9.4 na sasa ni kilo 6.1. Maana yake nilikuwa nimekalia lita 3 na ushei za maji. Kimdomo cha mpira hakikuwepo, nimeweka kingine, na maji sasa yanadondoka nje kama inavyotakiwa. Kitufe kiko kwenye hewa ya nje. Jaribio la mpira wa U lilionyesha milimita 2 tu, na nilipobadilisha chujio la nje zikawa 4.

Kioo cha mbele na cha mlango sasa vinakaa safi hata kukinyesha. Kioo cha kulia bado hufunikwa nusu ya chini, na dari bado inatoa matone asubuhi, ingawa ni machache. Gesi fundi aliipima na kusema imepungua kidogo, akaijaza, na sikuona tofauti yoyote kwenye vioo.

#23 FundiUbaridi

Kioo cha kulia hakina tundu la hewa linalokielekea kwenye kabini nyingi za vijiko, kwa hiyo hakipati joto wala hewa kavu. Funga feni ndogo ya kabini ielekee hapo. Gesi usiidharau moja kwa moja, kwa maana ikipungua sana evaporeta hushika barafu na kuacha kukausha, ila kwako haikufikia huko.

#24 MzeeWaKarakana

Mimi sikubali kwamba ni kukosa tundu tu. Nusu ya chini ya kioo ndiyo iliyo karibu na sakafu, na sakafu ilikuwa na lita tatu. Chini ya jopo la kulia, zinapopita nyaya na mipira ya vidhibiti, kuna sponji nyingine ambayo hukuitoa, mwanangu. Fungua jopo hilo.

#25 MsimamiziWaMitambo

Na milimita 4 si 5. Kuna tundu bado, na naona tundu hilo ndilo linalolisha dari. Bolti za paa na za fremu ya kinga huwa na washa za raba, nazo hufa kimyakimya.

#26 FundiUmemeMitambo

Kabla ya kufungua paa, fanya jaribio hili. Kata vipande viwili vya nailoni nyepesi, ukubwa wa daftari, uvibandike darini kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne, kimoja juu ya kiti na kingine karibu na bolti ya nyuma. Asubuhi angalia matone yako wapi. Yakiwa upande unaokutazama, hewa ya kabini ndiyo inayoganda, na hoja ya anga inasimama. Yakiwa kati ya nailoni na dari, maji yanatoka juu.

#27 OperetaWaMtaro

Nimebandika jana jioni. Leo asubuhi kipande cha juu ya kiti kina matone upande unaonitazama tu. Kipande cha karibu na bolti kina matone pande zote mbili, na usiku kulinyesha. Jopo la kulia sijalifungua kwa sababu linashikilia swichi za usalama na nasubiri fundi wa umeme. Mpaka litakapofunguliwa, nimekubaliana na msaidizi wangu kwamba hasogei upande wa bumu mpaka nizime kidhibiti na kumwashiria kwa mkono.

#28 MsimamiziWaMitambo

Bolti ya nyuma kushoto au ya kulia?

#29 MwalimuWaFizikia

Tafadhali rudia jaribio usiku usio na mvua na uache kipande kile kile mahali pale pale, kwa sababu matone ya pande zote mbili usiku wa mvua yanaweza kutokana na hoja zote mbili kwa pamoja.